Sataranji: Mpiganaji Atapata Wapi Elimu ya Kushika Mahali?

Jioni, baada ya gwaride la mwisho, ubao wa sataranji huwekwa juu ya meza ya bweni au ya kituo cha polisi, na ikikosekana meza, sanduku tupu hutosha. Wachezaji wawili huketi, wakazungukwa na washauri wasiopungua sita. Kwa dakika kumi za kwanza mambo huenda vizuri, kwani kila mmoja amekwisha kukariri hatua zake za ufunguzi. Kisha hufika wakati ambapo hakuna kete ya kuliwa, hakuna mfalme wa kutishiwa, wala hakuna hila iliyo wazi. Hapo mchezaji hujikuna kichwa, akatazama dari, mwishowe akasukuma kitunda cha pembeni ili tu zamu impite.

Lakini kitunda, yule askari mdogo wa ubaoni, hakirudi nyuma kamwe. Kimekwisha kuacha pengo, na baada ya hatua ishirini pengo hilo ndilo mlango anaopitia adui. Mchezaji husalimu amri akidai kwamba alikosea hatua ya mwisho. La hasha! Alikosea ile hatua aliyoiona haina maana.

Mchezaji huyo si mjinga. Anajua kushambulia, na anajua kumpeleka farasi wake mahali ambapo atazitishia kete mbili kwa wakati mmoja. Alichokosa ni kujua la kufanya wakati ambapo haonekani adui wa kumpiga. Maarifa hayo ndiyo tutakayoyaita katika makala haya elimu ya kushika mahali. Na swali linaloulizwa na wachezaji wengi wa kambini ni hili: elimu hiyo inapatikana wapi? Vitabu vya sataranji ni vingi mno, na vingi ni vya bei kubwa. Mshahara una kazi nyingi za kufanya, na muda wa mpiganaji si mali yake mwenyewe. Akichagua kitabu kisichomfaa, hupoteza fedha na pengine mwaka mzima wa jioni zake.

KUSHIKA MAHALI NI NINI?

Ubao una nyumba 64, na kila upande huanza na kete 16. Kwa raia huenda ikahitajika hotuba ndefu kueleza maana ya kushika mahali, bali kwa askari maneno machache yatatosha. Hakuna kamanda anayekishambulia kilima kabla hajajua barabara zinapita wapi, maji yako upande gani, na kituo gani cha adui kimekaa peke yake. Sataranji nayo ni vivyo hivyo.

Njia isiyokuwa na kitunda hata kimoja ndiyo barabara ya ngome, na mwenye kuitawala huingia nyuma ya mistari ya mpinzani. Nyumba ambayo vitunda vya adui haviwezi tena kuilinda ndicho kilima cha kumweka farasi. Kitunda kisicho na mwenzake kushoto wala kulia ni kituo kilichotengwa, nacho kitailazimisha kete kubwa iache kazi yake ikakae lindo. Na askofu aliyezibwa na vitunda vyake mwenyewe ni sawa na kikosi kilichofungiwa kambini: yumo katika hesabu, lakini hayumo vitani.

Fikira hizi hazikuzaliwa siku moja. Mwaka 1749 Mfaransa François-André Philidor, aliyekuwa pia mtunzi wa muziki, alichapisha kitabu kilichowafundisha watu kuviheshimu vitunda, wakati ambapo wengine waliviona kama takataka za kufagiliwa njiani. Baadaye akaja Wilhelm Steinitz, mzaliwa wa Prague, ambaye mwaka 1886 alimshinda Johannes Zukertort na kuwa bingwa wa kwanza wa dunia anayetambuliwa rasmi. Katika zama ambazo sifa ilikuwa kumvamia mfalme tangu mwanzo, Steinitz alisisitiza kuwa shambulio lina haki ya kufaulu pale tu ambapo mshambuliaji amekwisha kujipatia ubora fulani. Ubora huo hukusanywa kidogo kidogo: njia moja hapa, nyumba moja pale, kitunda kibovu cha adui kule. Haba na haba hujaza kibaba.

KITABU CHA MTU WA RIGA

Aliyeyapanga maarifa haya yakawa mafunzo yenye sura na vichwa vya habari ni Aron Nimzowitsch. Alizaliwa Riga mwaka 1886 na akafariki Copenhagen mwaka 1935. Mwaka 1925 alitoa kwa Kijerumani kitabu chake Mein System, ambacho wasomaji wa Kiingereza hukifahamu kwa jina la My System. Humo anaeleza habari za njia wazi, ngome iliyoingia katika mstari wa saba, na kitunda kilichokwisha kuwapita wapinzani wake wote. Anaeleza pia namna ya kuweka kizuizi mbele ya kitunda cha namna hiyo, na faida ya kukilinda kituo muhimu kwa kete nyingi kuliko inavyohitajika.

Zaidi ya yote alifundisha kinga. Kwa maoni yake, kazi kubwa ya mchezaji mara nyingi ni kuizima nia ya mpinzani kabla haijawa tendo. Sisi tunasema kwamba kinga ni bora kuliko tiba, na mlinzi yeyote aliyewahi kuziba tundu la ua kabla mwizi hajaliona atakubaliana naye mara moja.

Nguvu ya mafunzo hayo ilionekana Copenhagen mwaka 1923, alipopambana na Friedrich Sämisch. Nimzowitsch alicheza kete nyeusi. Katika hatua ya 25 alisogeza kitunda kimoja nyumba moja tu, na Sämisch akasalimu amri. Ubao ulikuwa bado umejaa kete, na mfalme wake hakuwa ametishiwa. Lakini kila hatua ambayo angeicheza ingemletea hasara mwenyewe. Alikuwa amezingirwa pande zote bila bunduki kulia.

POSHO YA KIJANA WA TBILISI

Katika historia yote ya vitabu vya sataranji, hakuna kisa kinachomgusa askari kama kile cha Tigran Petrosian. Alizaliwa Tbilisi mwaka 1929 katika familia ya Kiarmenia. Vita Vikuu vya Pili vilimwacha yatima. Ili aishi, kijana huyo alifagia barabara za mji, na ni katika miaka hiyo ndipo masikio yake yalipoanza kupungua nguvu, kasoro aliyoishi nayo mpaka mwisho wa maisha yake.

Kila mtu aliyewahi kupanga foleni ya chakula anajua thamani ya posho wakati wa vita. Petrosian aliitumia posho yake kujipatia kitabu. Nacho kilikuwa kitabu cha pili cha Nimzowitsch, kilichotoka mwaka 1929, ambacho kwa Kiingereza huitwa Chess Praxis. Hiki ni mkusanyo wa michezo ya mwandishi mwenyewe, inayoonyesha jinsi nadharia yake ilivyofanya kazi uwanjani. Miaka mingi baadaye Petrosian alikiri kwamba hakuna kitabu kilichomjenga kuliko hicho. Alinunua pia kitabu cha Rudolf Spielmann juu ya kutoa kete mhanga, na mwalimu wake, Archil Ebralidze, alimwelekeza kuifuata michezo ya José Raúl Capablanca.

Tuangalie kwa makini wingi wa vitu hivyo. Ni vitabu viwili, mwalimu mmoja na michezo ya bingwa mmoja. Mwaka 1963 kijana huyo, sasa mtu mzima, alimshinda Mikhail Botvinnik kwa pointi 12½ dhidi ya 9½ na kuwa bingwa wa dunia. Aliushikilia ubingwa hadi mwaka 1969. Wapinzani walilalamika kwamba kumshinda Petrosian ni kazi ngumu kupita kiasi, kwa sababu hatari aliziona na kuziondoa kabla wao wenyewe hawajazifikiria.

Funzo la kwanza kwa mwenye kutafuta vitabu limo katika kisa hiki. Wingi wa vitabu rafuni si kipimo cha elimu. Kitabu kimoja kilichochakaa kwa kusomwa kina faida kuliko ishirini vinavyong'aa.

MICHEZO MITATU YA KUSOMA KWA MAKINI

Pamoja na vitabu, iko michezo iliyochezwa na mabingwa ambayo yenyewe ni darasa. Tutaitaja mitatu, nayo hupatikana kwa urahisi katika mikusanyo mingi.

Wa kwanza ni ule wa Capablanca na Savielly Tartakower, New York, mwaka 1924. Kila upande ulibakiwa na ngome moja, mfalme na vitunda. Wengi wetu katika hali hiyo tungeanza kuvihesabu vitunda vyetu kama mweka hazina. Capablanca aliviacha viwili viliwe, tena mfalme wake akitishiwa kila kimoja kilipoliwa, ili mradi mfalme huyo apate njia ya kusonga mbele. Alipofika karibu na mfalme wa adui, akisaidiwa na ngome iliyokuwa imetulia katika mstari wa saba pamoja na kitunda kimoja kilichosonga mbele, mchezo ulikuwa umekwisha. Funzo ni kwamba mahali pa kete hupita hesabu ya kete, na kwamba mwisho wa mchezo mfalme naye ni mpiganaji.

Wa pili ni ule wa Samuel Reshevsky na Petrosian, Zürich, mwaka 1953. Reshevsky alikuwa na vitunda vyenye nguvu katikati ya ubao, na vilikuwa vikijiandaa kusonga mbele na kumponda mpinzani. Petrosian akaipeleka ngome yake mahali ambapo askofu wa Reshevsky angeweza kuila, naye aliila. Kwa nini alifanya hivyo? Kwa sababu ngome ile ilipoondoka, ilimwachia farasi nafasi ya kupita, na farasi huyo akaenda kukaa mbele ya vitunda vile kama jiwe katikati ya barabara. Hakuna aliyeweza kumfukuza. Hatua chache baadaye Reshevsky aliitoa ngome yake kwa askofu, na mchezo ukaisha sare. Petrosian hakupata ushindi, lakini aliliokoa jeshi lililokuwa likielekea kuangamia, na wachambuzi wamelirudia tendo hilo tangu wakati huo.

Wa tatu ni ule wa Anatoly Karpov na Wolfgang Unzicker, katika Olimpiadi ya sataranji ya Nice, mwaka 1974. Ngome za pande zote mbili zilikuwa zikitazamana katika njia moja ya pembeni. Kama zingelana zote, mchezo ungelegea. Karpov akamweka askofu wake ndani ya njia hiyo, upande wa adui, akawa kama ngao. Nyuma ya ngao hiyo alizipanga ngome zake kwa raha, ilhali ngome za Unzicker hazikuwa na la kufanya. Kisha akahamishia nguvu zake upande wa pili wa ubao, ambako mpinzani aliyebanwa hakuweza kufika kwa wakati. Karpov alishinda.

VITABU VYA KUANZIA

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mchezaji wa kambini, ambaye anajua sheria na hapotezi malkia wake kwa uzembe, aanze na kitabu gani?

Asianze na Nimzowitsch. Kitabu chake kina utani mwingi, kina ugomvi na wapinzani wake wa zamani, na kinamtaka msomaji awe amekwisha kupambana na matatizo anayoyaeleza. Ni chakula kizuri kwa tumbo lililozoea.

Aanze na Logical Chess: Move by Move cha Irving Chernev, kilichotoka mwaka 1957. Mwandishi anachambua michezo 33, naye anatoa sababu ya kila hatua, hata ile iliyokwisha kuelezwa ukurasa wa nyuma. Marudio hayo humchosha bingwa, bali humjenga mwanafunzi. Baada ya hicho ashike Simple Chess cha Michael Stean, cha mwaka 1978. Ni kitabu chembamba kinachofundisha kwa lugha nyepesi habari za vituo imara, vitunda dhaifu, njia wazi na nafasi ya kupumulia.

Hatua ya tatu ndiyo Nimzowitsch. Ya nne, kwa mwenye pumzi, ni kitabu cha David Bronstein juu ya mashindano ya Zürich ya mwaka 1953. Wachezaji 15 walikutana mara mbili kila mmoja na mwenzake, ikawa michezo 210, na Bronstein, aliyekuwa mmoja wao, aliieleza yote. Vasily Smyslov ndiye aliyeshinda mashindano hayo. Humo msomaji ataona jinsi fikira za vitabu vya nadharia zinavyogongana na mpinzani wa kweli anayefikiri naye.

Mwenye kutaka mwalimu wa siku za karibu anaweza kumsoma Jeremy Silman, ambaye How to Reassess Your Chess chake kinamfundisha msomaji kuorodhesha tofauti zilizopo kati ya pande mbili kabla ya kuchagua hatua. Askari ataitambua njia hiyo mara moja, kwa maana ndiyo tathmini ya hali kabla ya kutoa amri.

ASIYE NA FEDHA ASIKATE TAMAA

Yapo maarifa yasiyolipiwa hata senti. Maktaba ya intaneti iitwayo Project Gutenberg, iliyoanzishwa mwaka 1971, inagawa bure kitabu cha Capablanca, Chess Fundamentals, kilichoandikwa mwaka 1921, yaani mwaka uleule alioutwaa ubingwa wa dunia. Inagawa pia Chess Strategy cha Edward Lasker. Kadhalika uko uwanja wa Lichess, ulioanza mwaka 2010, ambao hautozi ada wala hauweki matangazo ya biashara. Humo mtu hucheza, huipitia michezo ya mabingwa na kuyasoma masomo yaliyoandaliwa na wachezaji wenzake. Simu ya mkononi inatosha. Lakini ieleweke vema kwamba simu hiyo ni ya saa za mapumziko. Anayesoma habari za kinga akiwa lindoni ameshindwa somo lenyewe.

Umaskini wa mahali haujawahi kuwa mwisho wa safari. Katika mtaa wa Katwe, Kampala, mwalimu Robert Katende aliwafundisha sataranji watoto wa familia zisizo na kitu. Mmoja wao, Phiona Mutesi, aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya mwaka 2010 iliyofanyika Khanty-Mansiysk, Urusi.

NAMNA YA KUSOMA

Kitabu kizuri kikisomwa vibaya hakina tofauti na kibaya. Wengi hukisoma kitabu cha sataranji kama hadithi, wakikubali kwa kichwa kila wanachoambiwa. Kesho yake wameyasahau yote.

Njia bora ni kuupanga ubao na kuifunika kwa karatasi hatua inayofuata. Mwanafunzi ajiulize maswali matatu. Je, mpinzani anataka nini? Je, kete yangu ipi haina kazi? Je, ni nyumba ipi ambayo vitunda vya adui haviwezi tena kuilinda? Aandike hatua ambayo yeye angeicheza, pamoja na sababu yake kwa sentensi moja. Ndipo aifunue karatasi. Akikosea, asikasirike, maana tofauti kati ya sababu yake na ya bingwa ndilo somo aliloligharimia. Mchezo mmoja kwa namna hii waweza kuchukua jioni mbili, nao una faida kuliko michezo kumi ya harakaharaka.

Pili, aiandike michezo yake mwenyewe, hasa ile aliyoshindwa. Botvinnik, aliyekuwa mhandisi wa umeme na aliyegawa muda wake kati ya kazi na ubao kama sisi tunavyolazimika kuugawa, alisisitiza sana jambo hilo: mchezaji aichambue michezo yake kwa maandishi, tena bila kujipendelea. Daftari la senti chache laweza kuwa kitabu bora kuliko vyote, kwa kuwa kinamhusu mwenyewe.

Tatu, aitumie mashine kwa akili. Programu ya Stockfish, ambayo nayo ni ya bure, huwashinda mabingwa wote wa dunia. Itakuonyesha hatua bora pamoja na tarakimu, lakini haitakueleza kwa maneno kwa nini farasi wako alistahili kukaa pale. Basi fikiri kwanza, andika, kisha uiulize. Anayeanza kwa kuiuliza mashine ni kama kuruta anayenakili majibu ya mwenzake: karatasi imejaa, kichwa ki kitupu.

Ndugu mpiganaji, leo jioni ubao utakapowekwa, na ukafika ule wakati ambapo hakuna la kula wala la kutishia, usikisukume kitunda cha pembeni. Zitazame kete zako moja moja, uitafute ile inayolala, uipe kazi. Washauri sita watapiga kelele kwamba unachelewa. Waache. Kijana wa Tbilisi aliitoa posho yake kwa ajili ya subira hiyo, na mwenda pole hajikwai.